Taa ya Buli: Mazungumzo juu ya Hitilafu ya Umeme Inayojificha

Yafuatayo ni maandishi kamili ya mazungumzo yaliyosomwa hewani na msikilizaji wetu wa Maskati, Oman.

 Katika mazungumzo yetu ya leo nimekusudia kuzungumzia adha moja ambayo wengi wetu tumepata kuionja: gari linalozimika lenyewe njiani, likakataa katakata kuwaka, kisha baada ya muda likawaka kana kwamba halikuwa na lolote. Unalipeleka kwa fundi. Fundi analiwasha mara kumi, na mara zote kumi linaitika. Anakutazama kwa jicho la huruma, nawe unaondoka ukijiuliza kama mgonjwa ni gari au ni wewe mwenyewe.

Kasoro iliyo wazi haina taabu kubwa. Waya ukikatika ukabaki umekatika, fundi ataufuata kutoka mwanzo hadi mwisho na ataukuta. Taabu ni kasoro ijayo na kutoweka. Hiyo hungoja uwe mbali na msaada ndipo ijitokeze, na ukifika mbele ya mjuzi hujificha. Kwa sisi tunaoishi katika nchi za Ghuba, na kwenda jangwani siku za mapumziko na watoto wetu, kasoro ya namna hiyo yaweza kuhatarisha roho za watu. Ndiyo maana nimeona si vibaya nikusimulie kisa kilichonifika, kisha tutazame pamoja namna hitilafu hiyo ilivyosakwa hadi ikapatikana.

Gari langu ni la zamani, la dizeli, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Silitaji jina lake, kwani haya ninayoyasimulia yaweza kulifika gari lolote la aina hiyo, liwe Oman, liwe Arusha, liwe Bukavu. Siku moja ya mwezi wa Aprili tulitoka Maskati alfajiri, mimi, mke wangu na watoto wetu watatu, tukaelekea Bidiya, mji ulioko takriban kilomita 200 kutoka mji mkuu. Bidiya ni mlango wa jangwa la mchanga ambalo wenyeji wamelizoea kwa jina la Ramlat al-Wahiba, na ambalo katika ramani nyingi za leo huandikwa Mchanga wa Sharqiya. Kutoka kaskazini hadi kusini jangwa hilo lina urefu wa kilomita 180 hivi, na yapo matuta yake yanayofikia kimo cha mita 100.

Tulipunguza upepo wa matairi kama ilivyo desturi, tukaingia mchangani. Mwendo wa saa moja ndani, tukiwa tunapanda tuta kwa upande, gurudumu la mbele la kushoto likapanda juu na la nyuma likazama. Papo hapo injini ikazimika. Haikukohoa, wala haikupunguza nguvu kidogo kidogo. Ilizimika kama taa iliyozimwa kwa swichi. Nikageuza ufunguo, kimya. Hata ule mlio mmoja wa stata, "ta", haukusikika. Nikawasha taa kubwa, zikawaka kwa nguvu zote. Nikapiga honi, ikalia. Betri basi ilikuwa nzima, na gari lilikuwa limekufa.

Simu haikuwa na mtandao pale tulipokuwa. Joto lilikuwa limekaribia nyuzi 40. Tulikuwa na maji, alhamdulillahi, lakini hayakuwa maji ya siku mbili. Niliwaweka watoto kwenye kivuli cha gari, nikaanza kuchimba mchanga uliokuwa umelibana gurudumu, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya. Baada ya muda wa saa moja na robo hivi gari likashuka, likakaa sawa. Tukasali Adhuhuri. Nikageuza ufunguo bila ya matumaini makubwa, na injini ikawaka. Tukarudi Bidiya bila ya kusema neno, kila mmoja akiusikiliza mngurumo wa injini.

Nami, mpenzi msikilizaji, nilijua tayari nini cha kuwaambia watu: gari lilishikwa na joto, likapumzika, likapoa, likawaka. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yangu, na ilikuwa imani potofu.

Haikuwa mara ya kwanza. Katika muda wa mwaka mmoja gari lile lilikuwa limenifanyia hivyo mara kadhaa. Mara ya kwanza nilibadilishiwa betri. Likaenda wiki sita bila tatizo, nikadhani tumepona. Lilipozimika tena nikabadilishiwa altaneta, yaani ile mashine inayochaji betri. Miezi miwili, salama. Mara ya tatu ikabadilishwa swichi ya ufunguo. Gharama zilikuwa zimepita rial 200, na vitu vyote vitatu vilivyotolewa, nilikuja kujua baadaye, vilikuwa vizima. Siwalaumu mafundi wale. Kila mmoja alikuwa na sababu ya kukisia alivyokisia, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiwahimiza wabadilishe kitu, chochote kile, ili mradi niondoke na moyo uliotulia. Lakini hapo ndipo ulipo mtego wa kasoro inayojificha: kila ukibadilisha kitu hupona kwa muda, kwa sababu ilikuwa ipone kwa muda hata kama hukubadilisha kitu.

Niliporudi kutoka Bidiya nilikwenda kumwona mzee mmoja ambaye sisi sote mtaani humwita Ami. Ami alijifunza ufundi wa umeme wa magari Unguja akiwa kijana, akahamia Oman katika miaka ya sabini, na sasa amestaafu. Nilimkuta barazani anakunywa kahawa.

"Ami," nikamwambia, "gari hili limenishinda. Nataka kuliuza."

"Utamuuzia nani ugonjwa usioujua?" akaniuliza. "Kaa, mwanangu. Nieleze lilizima vipi."

Nikamweleza juu ya joto. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akanitaka nilete daftari. Akasema niandike kila mara gari lilipozimika: ilikuwa wapi, saa ngapi, gari lilikuwa limekaa vipi, na vitu gani viliendelea kufanya kazi. Nikampigia simu mke wangu anisaidie kukumbuka. Tulipata mara saba. Mara tatu mchangani. Mara mbili ndani ya mawadi, kwenye mawe makubwa. Mara moja kwenye njia mbaya ya mlimani. Na mara moja, mke wangu ndiye aliyekumbuka, nyumbani kwetu, mwezi wa Januari, asubuhi mapema, gari likiwa limeegeshwa gurudumu moja juu ya ukingo wa njia.

Ami akaweka kidole juu ya mstari ule wa saba. "Januari asubuhi hakuna joto," akasema. "Basi joto halihusiki. Tazama tena daftari lako. Barabara kuu ya lami, kilomita 120 kwa saa, mchana wa Julai, halijazima hata mara moja. Gari lako halizimi likipata moto. Linazima likipinda. Na kule jangwani halikupumzika, mwanangu. Wewe uliuchimba mchanga, likakaa sawa, ndipo likawaka."

Nilinyamaza. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye nilikwenda naye, akasema kwa sauti ndogo: "Baba, na ile taa ya buli haikuwaka."

Sikuelewa. Akaeleza kwamba kila asubuhi ninapompeleka skuli hupenda kuitazama taa nyekundu yenye picha ya buli la chai, ambayo huwaka nikifungua ufunguo na huzimika injini ikinguruma. Siku ile jangwani, kila nilipofungua ufunguo, buli halikuwaka. Mimi nilikuwa nimeliona hilo, na nikalifurahia, kwa kuwa taa nyekundu isipowaka tumezoea kusema hakuna ubaya.

Ami aliweka chini kikombe chake. "Haya basi," akasema. "Mtoto amekwisha kulitengeneza gari."

Mpenzi msikilizaji, ili ufahamu kwa nini mzee alisema vile, inatupasa tusimame kidogo tutazame jinsi umeme unavyotembea ndani ya gari.

Umeme hautoki kwenye betri ukaishia kwenye taa. Hutoka upande wa chanya, ukapita kwenye taa, kisha ni lazima urudi kwenye upande wa hasi wa betri ileile. Mababu zetu waliosafiri kwa majahazi kutoka Sur walishuka Unguja kwa pepo za kaskazi, wakangoja kusi liwarudishe. Nahodha asiyekuwa na upepo wa kurudi hakuwa na safari. Umeme nao una sharti kali kuliko hilo: njia ya kurudi ikifungwa, hata kule kwenda hauendi.

Sasa, ili kupunguza nyaya, watengenezaji wa magari hutumia chuma chenyewe cha gari kuwa njia ya kurudi. Taa huletewa waya mmoja wa kwenda, na kurudi kwake ni kupitia bodi. Lakini injini haikugusana na bodi wala chesisi. Imekalishwa juu ya mipira minene ili mtikisiko usiwafikie abiria, na mpira haupitishi umeme. Katika magari mengi ya jangwani hata bodi yenyewe imekaa juu ya mipira, mbali na chesisi. Kwa sababu hiyo huwekwa nyaya au tepe za shaba iliyosukwa, za kuunganisha vyuma hivi. Mafundi wengi huuita waya wa namna hiyo waya wa athi. Ni kitu cha bei ndogo, hakina fyuzi, hakimo katika orodha ya vitu vya kubadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, na mara nyingi kimefichika nyuma ya injini pasipofika macho.

Na hii taa ya buli? Picha ile si ya buli, ni ya kopo la kutilia oili, na kazi yake ni kuonya kwamba hakuna shinikizo la oili ndani ya injini. Umeme wake huanzia kwenye ufunguo, hupita kwenye taa, kisha huenda kwenye swichi ndogo iliyofungwa kwenye mwili wa injini. Injini ikiwa imesimama, hakuna shinikizo, swichi hufunga njia, na umeme hurudi kupitia chuma cha injini, taa inawaka. Injini ikinguruma, shinikizo huifungua swichi na taa inazimika. Kwa hivyo ukifungua ufunguo injini ikiwa imesimama, taa ile ni lazima iwake. Isipowaka, ama taa imeungua, ama umeme wake umekosa njia ya kurudi. Nayo asubuhi yake ilikuwa imewaka kama kawaida, basi haikuwa imeungua.

Ami akanipangia mambo kama hakimu anayepanga ushahidi. Taa kubwa ziliwaka, na hizo hurudi kupitia bodi. Basi kati ya bodi na betri hapana kasoro. Honi ililia, nayo ni hivyo hivyo. Stata haikutoa hata mlio, nayo hurudi kupitia injini. Vali ya umeme inayofungua njia ya dizeli kwenye pampu ilijifunga, ndiyo maana injini ilizimika ghafla, nayo hurudi kupitia injini. Taa ya oili haikuwaka, nayo hurudi kupitia injini. Akaniuliza kuhusu mshale wa joto. Nikakumbuka kwamba ulikuwa umeanguka hadi kwenye baridi, ilhali injini ilikuwa ya moto. Hata huo hurudi kupitia injini.

"Vitu vinne havikuibiana siri vikakubaliana kufa pamoja," akasema. "Vina mlango mmoja wa kutokea, na mlango huo ndio uliofungwa."

Hata hivyo hakukubali tubadilishe kitu siku ile. Alisema dhana nzuri bado ni dhana, nami nilikwisha kulipia dhana tatu. Alitaka kuiona kasoro kwa macho. Asubuhi iliyofuata akaja na mita yake ya umeme, na hapa nakuomba, mpenzi msikilizaji, unisikilize kwa makini, kwani ndipo penye somo ambalo hata mafundi wazuri hulikosa.

Kwanza aliiweka mita kwenye kipimo cha ukinzani, akagusisha ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye hasi ya betri. Mita ikasema njia ni safi kabisa. Nikavunjika moyo. Ami akacheka. Akaeleza kwamba mita inapopima ukinzani hupitisha mkondo mdogo mno, mkondo ambao uzi mmoja wa shaba mwembamba kama unywele unatosha kuubeba. Stata ya injini ya dizeli huvuta ampea 200 au zaidi. Ukiwauliza watu wawili kama kamba ni nzima, na mmoja akaivuta kwa kidole na mwingine akaifunga ng'ombe, hawatakupa jawabu moja.

Kanuni inayohusika hapa ni ile aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea njiani ni sawa na mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Chukua ukinzani mdogo wa sehemu moja tu ya mia ya omu moja, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona. Uzidishe kwa ampea 200. Jawabu ni volti 2, zimepotea kabla ya kufanya kazi yoyote, katika gari lenye volti 12 tu.

Kwa hiyo Ami aliigeuza mita kwenye kipimo cha volti. Akauchomoa waya wa ile vali ya dizeli ili injini isiwake. Akaweka ncha moja ya mita juu ya ncha yenyewe ya hasi ya betri, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, akaniambia nigeuze ufunguo wa stata. Njia ya kurudi ikiwa nzima, mita isingepaswa kuonyesha zaidi ya volti 0.2 au 0.3. Ilionyesha 0.6. Gari lilikuwa limekaa sawa, baridi, stata inazunguka vizuri, na sikio lisingegundua kitu. Lakini kasoro ilikuwa imekwisha toa kichwa.

Kisha tukakinga magurudumu kwa mawe, akapiga jeki upande wa mbele wa kushoto hadi gurudumu likaacha ardhi, akaweka viegemeo chini ya chesisi ili jeki isitegemewe peke yake. Nikageuza ufunguo tena. Stata ikazunguka kwa uvivu, mita ikapanda hadi 3.5. Akaongeza jeki kidogo. Nikageuza. Kimya. Mita ikaruka hadi karibu 12. Nikatazama dashibodi: taa ya buli haikuwaka. Jangwa lilikuwa limehamia uani kwetu.

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya tochi na kioo kidogo. Katika gari langu waya mnene wa hasi ulitoka kwenye betri ukafungwa kwenye bodi, na kutoka bodi hadi injini kulikuwa na utepe mmoja tu wa shaba, nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga injini na chumba cha abiria. Kwa juu ulionekana mzima. Ami alipouvuta kwa bisibisi, ulichomoka kwenye kichwa chake kama jino bovu. Nyuzi zake karibu zote zilikuwa zimekatika ndani, pale zinapoingia kwenye kibano, na palikuwa na ukungu wa kijani na mweupe. Nikakumbuka safari zangu za pwani, kupita katika nchi tambarare za chumvi, na maji ya chumvi yakirukia chini ya gari bila ya mimi kuliosha. Chumvi ilikula shaba, mtikisiko ukakata nyuzi, na zilizobaki zilikuwa zikigusana au kuachana kwa kadiri gari linavyopinda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Utepe mpya ulinigharimu rial 4. Ami hakuufunga hivi hivi. Alichomoa kwanza waya wa hasi wa betri. Akasugua kwa msasa mahali pa kufungia hadi chuma kikang'aa, akaondoa rangi yote chini ya bolti, akafunga kwa washa yenye meno, kisha ndipo akapaka grisi juu ili unyevu usiingie. Akaongeza waya wa pili mnene, kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye injini, ili siku nyingine mlango mmoja ukifungwa uwepo wa pili. Halafu tukarudia vipimo vyote vilevile: gari sawa, gari limepinda. Mita ikasoma 0.1 mara zote mbili. Hapo ndipo mzee alipokubali kusema kwamba amemaliza.

Mpenzi msikilizaji, huenda gari lako si kama langu, na kasoro yako yaweza kuwa kwenye rilei, kwenye kiungio cha nyaya kilicholegea, au kwenye waya uliosuguliwa na chuma hadi ganda likatoka. Lakini utaratibu wa kuitafuta haubadiliki. Nitautaja kwa ufupi.

La kwanza, andika. Usiiamini kumbukumbu yako, kwani kumbukumbu hupenda kuchagua yale yanayolingana na dhana uliyokwisha kuishika. Andika mahali, saa, hali ya hewa, mkao wa gari, na hasa zile mara ambazo hazifanani na nyingine.

La pili, gari likizima, usikimbilie kuliwasha. Tazama kwanza nini kinafanya kazi na nini hakifanyi. Dakika zile chache za ugonjwa ndizo zenye ushahidi wote. Na itazame pia taa iliyopaswa kuwaka isiwake, kwa maana jicho letu limezoea kuogopa taa inayowaka tu.

La tatu, jiulize vile vilivyokufa pamoja vinachangia nini: fyuzi moja, swichi moja, au njia moja ya kurudi.

La nne, ilazimishe kasoro ijitokeze ukiwa nyumbani. Kama huja gari likipinda, lipinde kwa jeki. Kama huja kwa mtikisiko, tikisa nyaya moja baada ya moja. Kama huja kwa joto, pasha moto sehemu moja moja kwa mashine ya kukaushia nywele. Kama huja kwa mvua, nyunyizia maji kidogo kidogo.

La tano, pima wakati mkondo mkubwa unapita, si wakati umeme umelala. Na ukishatengeneza, rudia kipimo kilekile kilichoionyesha kasoro. Gari lililopona bila ya kujulikana lilikuwa na nini, halijapona.

Wenye magari mapya wataniambia kwamba gari lao lina kompyuta inayojieleza. Ni kweli. Marekani, kwa mfano, imeyalazimisha magari mapya madogo kuwa na mfumo wa pamoja wa kusoma hitilafu tangu yale ya mwaka 1996, na mashine ya kuusoma siku hizi ni ya bei nafuu. Itumie. Lakini kumbuka kwamba kompyuta nayo hunywa umeme uleule na kuurudisha kwa njia ileile. Njia ya kurudi ikiwa mbovu, kompyuta yaweza kutaja makosa kumi yasiyohusiana, ukabadilisha vitu kumi vilivyo vizima. Ukiona makosa mengi ya ghafla yasiyo na udugu, anza na betri na nyaya zake za athi.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linalonirudia usiku. Siku ile tulipomaliza kazi, Ami alinawa mikono, akaniuliza kama nina zile nyaya nene za kuazimia moto kwenye betri ya gari jingine. Nikamwambia ninazo, zipo chini ya kiti miaka yote. "Na siku ile jangwani zilikuwepo?" Zilikuwepo. Sikuzitoa, kwa sababu hapakuwa na gari jingine la kuazima.

Akachukua waya mmoja kati ya ile miwili, ule mweusi. Akabana ncha moja kwenye hasi ya betri yangu mwenyewe, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini. "Ungefanya hivi tu," akasema, "umeme ungepata njia yake ya kurudi, na ungewasha."

Saa moja na robo, mpenzi msikilizaji, watoto wangu walikaa juani, na dawa ilikuwa chini ya kiti walichokuwa wamekikalia. Basi ukifikwa na hali kama hiyo, taa zinawaka lakini injini imekufa kabisa, hakikisha gari liko katika gia huru na breki ya mkono imevutwa, kisha jaribu waya huo mmoja, mbali na feni na mikanda. Ukiwaka, umejua pia kasoro iko wapi. Usipowaka, kaa karibu na gari lako, kwani gari huonekana kwa mbali kuliko mtu atembeaye kwa miguu. Na kabla ya yote hayo, usiingie mchangani kwa gari moja pekee kama nilivyofanya mimi, mwachie mtu habari ya njia yako na saa ya kurudi, na chukua maji zaidi ya unayodhani utayahitaji. Kwa walio hapa Oman, nambari ya polisi ya dharura ni 9999, pale simu inaposhika.

Gari lile ninalo hadi leo. Binti yangu bado hukaa kiti cha mbele tunapokwenda skuli, na kabla sijawasha injini hungoja kidogo, akatazama, kisha huniambia: "Buli limewaka, Baba. Twende."